Somo la Dini Lililofika Sokoni

Baba yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu. Niliporudi Mkumbi na shahada, alidhani nitakuwa bwana shamba au, mambo yakiniendea vibaya, mgombea wa mojawapo ya vyama vipya. Nilipomwambia nimepata kazi ya kufundisha somo la dini katika chuo cha ualimu pale Mbinga mjini, alinitazama, akaweka jembe chini, akauliza kama chuo kimekosa katekista.

"Katekista anafundisha bure," alisema. "Na watoto wanazijua sala zote."

Nilikuwa na majibu mengi, maana nilikuwa nimeyatunga njia nzima kutoka Songea, lakini hakuna hata moja ambalo mtu mwenye palizi mkononi angelisikiliza mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa milango. Ushirika ulikuwa unakufa, na wanunuzi binafsi wa kahawa walipita vijijini na magari yao wakimwambia kila mkulima bei tofauti. Chuo chetu nacho kilikuwa cha binafsi, kimeanzishwa ndani ya yaliyokuwa maghala ya ushirika. Mvua ikinyesha, madarasa yalinuka kahawa kavu. Wanafunzi wetu walikuwa wale waliokosa nafasi katika vyuo vya serikali, na wazazi wao walilipa ada kwa taabu, kwa hiyo mkuu wa chuo alikuwa na wasiwasi wa kila siku kwamba chuo kingine kitafunguliwa jirani na kumnyang'anya watu.

Dini pia ilikuwa sokoni. Walokole walifika na vyombo vya muziki. Ikaja mihadhara, ambayo hapo awali tulikuwa tukiisikia kwa watu waliotoka Dar es Salaam tu: wahubiri wa pande mbili, meza, Biblia na Kurani juu ya meza, spika kwenye mti, na watu wakienda uwanjani kama wanavyokwenda mpirani, kuona nani atashindwa. Asiyeweza kwenda alinunua kaseti. Pale stendi, kibanda kimoja kilirudufu kaseti za kwaya, za mihadhara na za ushuhuda wa watu waliobadili dini, na hizo za ushuhuda ndizo zilizotoka haraka kuliko zote.

Kabla sijafika, kipindi cha dini pale chuoni kilikuwa kipindi cha kutawanyika. Wakatoliki, ambao ndio wengi, walibaki ukumbini na sista mmoja aliyewasomea maandishi wakanakili. Waanglikana waliotoka ziwani walipewa chumba cha mwisho. Waislamu walikuwa wachache na hawakuwa na mwalimu, basi walikaa nje ya jiko wakisubiri kengele. Hawa wote wangetoka hapo kwenda kufundisha katika shule za msingi zenye watoto wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mwenzake akieleza anachokiamini, isipokuwa kwenye mhadhara, akizomewa.

Niliomba niwachanganye. Mkuu wa chuo alikubali haraka mno, jambo lililonitia hofu. Mtu anayekubali haraka, niliwaza, ama hajasikia, ama amesikia kitu kingine.

Utaratibu nilioufikiria ulikuwa hivi. Mwanafunzi hafundishi dini yake. Anapewa dini ya mwenzake. Anakwenda kwao, anauliza, anatazama, na siku yake ikifika anasimama mbele na kuieleza kana kwamba yeye ndiye mwenyewe, kutoka ndani. Wenye dini hiyo wanakaa benchi la mbele. Wakisema "ndivyo," anakaa. Wakisema "sivyo," anarudi kuuliza tena na kusimama wiki inayofuata. Hakuna kubishana wala mshindi. Nilitaka kiwe kinyume kabisa cha mhadhara.

Nilifikiria kila kinachoweza kuharibika. Vipi kama mtu atamwigiza mwenzake kwa dhihaka? Nikaweka sharti kwamba anayecheka anatoka. Vipi kama mtu ataogopa kwamba kutamka tu maneno ya dini nyingine ni dhambi? Nikamwendea imamu wa mjini, nikamwendea paroko, kila mmoja nikamweleza, na wote wawili wakasema kueleza si kuamini. Vipi kuhusu chakula, mavazi, majina matakatifu? Kila kitu nilikipangia.

Wa kwanza kusimama alikuwa kijana Mkatoliki wa Mbuji, mpana wa mabega, aliyepewa kueleza funga ya Ramadhani. Alisimama akasema anafunga ili aonje njaa ya maskini. Benchi la mbele likanong'onezana.

"Sivyo," alisema binti mmoja pale. "Hiyo njaa maskini wanayo, hawahitaji uwaonjee."

Darasa likacheka, na sikumtoa mtu nje. Kijana alirudi wiki iliyofuata na jibu jingine, akaambiwa tena sivyo. Mara ya tatu alikuja baada ya kufunga siku moja mwenyewe pamoja nao, uso umemkauka, akasema maneno machache tu: kwamba siku nzima alikuwa na maji karibu, hakuna aliyekuwa akimtazama, na hakunywa, na kwamba sasa anajua ni nani aliyekuwa akimtazama. Wote walisema ndivyo. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka nikatulia.

Binti aliyemwambia sivyo ndiye ninayetaka kumweleza. Alitoka Mbamba Bay, mtoto wa mwenye duka ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na biashara akalowea ziwani. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha, na nasema hivyo nikijua sijafundisha miaka mingi. Somo lolote alilipata kwa kuuliza. Alitaka kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, si mwalimu mkuu wala afisa, na alisema watu wakubwa wamekwisha kuharibika, kwa hiyo yeye anawataka wale wa darasa la kwanza.

Yeye alipewa kueleza ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakatoliki. Mwezi mzima alimfuata rafiki yake Mkatoliki kwa maswali mpaka rafiki akalalamika kwangu. Jumapili kadhaa alikwenda naye misa, akakaa benchi la nyuma kabisa, mtandio kichwani, akitazama.

Siku yake ilipofika, mkuu wa chuo aliingia darasani na redio yake kubwa ya kaseti, akaiweka juu ya meza. Alisema kuna wafadhili wanaokuja, watu wanaopenda mbinu shirikishi, na anataka kuwasikilizisha mfano. Nilimuuliza kama wanafunzi wamekubali kurekodiwa. Akasema wanafunzi wamekubali kusoma, na hiyo inatosha. Nilipokuwa nikieleza utaratibu, kama ilivyo desturi yetu, redio haikuwa imewashwa. Aliiwasha binti alipofungua kinywa.

Sauti yake haikutetemeka. Alisema: "Napiga goti kwa sababu kilicho pale mbele si mkate tena. Macho yangu yanaona mkate, lakini sikupewa macho peke yake. Na nikiisha kula, sina ruhusa ya kumchukia mtu yeyote niliyekula naye. Hicho ndicho kigumu. Kupiga goti ni rahisi."

Kisha yule kijana wa Mbuji, benchi la mbele, akasema, "Ndivyo. Na mimi mwenyewe sijawahi kuisema hivyo." Lakini mkuu wa chuo alikuwa amekwisha kuizima redio. Betri zilikuwa ghali.

Muda si mrefu nilikwenda Songea kwa shughuli za mshahara. Nikirudi, basi lilisimama Kitai, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchemsha. Kwenye mgahawa wa chai redio ilikuwa inalia kwa sauti ya juu, na nilipokuwa nasubiri chai yangu nikaisikia sauti ile. Napiga goti kwa sababu kilicho pale mbele si mkate tena. Mwanzoni nilifikiri nimechoka.

Muuza chai alisema huyo ni binti wa Kiislamu wa kule ziwani, ameokoka.

"Ameokoka wapi?" alisema mama mmoja aliyekuwa na kuku mkononi. "Huyo amekuwa Mkatoliki. Husikii anasema si mkate tena? Walokole msituibie."

"Mama, mkibatiza nyinyi au wao, si ni yuleyule?"

"Si yuleyule. Sisi tumemsomesha."

Abiria mwingine, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliinuka bila kumaliza chai yake, akarudi kwenye basi. Nilitaka kumfuata nimweleze. Nikatunga sentensi ya kwanza, nikaona inahitaji ya pili kabla yake, na ya pili inahitaji kueleza chuo ni nini na mbinu ni nini, na basi likapiga honi. Njia yote mpaka Mbinga alikaa siti ya mbele yangu, nami nikatazama ile kofia.

Mkuu wa chuo hakukana. Alisema alimwazima kaseti mwenyekiti wa kwaya, ndugu yake, aisikilize tu, na sasa kibanda cha stendi kinairudufu, yeye afanyeje? Alipoona uso wangu, alisema kwa upole kwamba tangu kaseti ile itoke, waombaji wa nafasi chuoni wameongezeka.

Wiki hiyohiyo baba wa binti alipanda kutoka ziwani akamchukua. Hakugombana na mtu. Binti alikwenda naye na nguo alizovaa, vitu vyake vikabaki bwenini. Mtihani wa mwisho wa cheti ulikuwa karibu. Asingeufanya, miaka yake miwili ingekuwa imekwenda bure, na baba yake alikuwa amesema hatalipa ada tena mahali pengine.

Nilishuka Mbamba Bay kwa lori la mchele. Njiani nilijiandaa kukutana na mtu mkali. Nilikuwa na aya, nilikuwa na maneno ya imamu wa Mbinga, nilikuwa hata na namna ya kukaa. Nikamkuta mzee mwembamba nyuma ya kaunta, akipimia mteja mafuta ya taa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza niletewe kiti na chai na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Hakunisaidia kuanza. Mteja alipoondoka, nikaeleza yote, nikiruka huku na huku, nikirudi nyuma kurekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu namjua. Hajatoka katika dini yake. Alinieleza kila kitu kabla hata hujaja, na kaeleza vizuri kuliko wewe."

Nilimwambia kama anajua hivyo, basi amrudishe.

"Mimi nina duka hapa. Kila anayeingia ananunua sabuni, halafu ananitazama. Waislamu wananitazama hivi, Wakristo wananitazama vile. Kuna mama juzi kanipa pole. Kuna mwingine kanipa hongera. Siku moja watu wawili, pole na hongera, kwa mtoto mmoja."

Alifuta kaunta kwa kitambaa.

"Msikitini nitasema mwenyewe. Hilo ni langu. Lakini mkuu wako asimame kanisani Jumapili, mbele ya watu wake, aseme lile lilikuwa somo. Kule ndiko wanakoshangilia, na kulekule jambo hili likatwe. Akisema, mwanangu nitampandisha kwa gari langu mwenyewe afanye mtihani."

Binti hakutokea. Niliambiwa yuko kwa shangazi yake. Nilipanda lori la kurudi nikiwa karibu kuwa na furaha, kwa sababu nilichoombwa kilikuwa kidogo. Ni maneno ya dakika moja wakati wa matangazo, baada ya komunyo, pale ambapo hutangazwa mbuzi aliyepotea na zamu ya kufagia kanisa. Nani angekataa?

Mkuu wa chuo alikataa. Alikuwa mlei anayeheshimika, anayeshika nafasi ya mbele kanisani, na paroko alikuwa amekwisha kusema kwamba tangazo linalohusu chuo litatolewa na chuo. Nilimkuta ofisini akipanga viti kwa ajili ya wale wafadhili. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Mwalimu, nani ameumia?" aliuliza. "Waumini wamefurahi. Kuna watu wamerudi kanisani kwa kaseti ile. Nikisimama niseme lilikuwa zoezi la darasani, nitakuwa nimewaambia walilia bure."

Nilisema aliyeumia ni mwanafunzi wetu.

"Yule ana baba yake," alisema, akasogeza kiti.

Jumapili nilikwenda misa nikakaa karibu na mbele. Wakati wa matangazo, baada ya zamu za usafi, nilisimama. Mimi ambaye kuuliza bei sokoni hunichukua muda, nilisimama bila kuitwa nikasema kwamba sauti iliyoko kwenye kaseti ni ya mwanafunzi wangu, kwamba ni Mwislamu na anaendelea kuwa Mwislamu, na kwamba aliieleza imani yetu kwa heshima kwa sababu mimi nilimwagiza. Nilisema anahitaji kurudi kufanya mtihani. Mnong'ono ukapita kanisani. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama kitabu chake cha nyimbo. Msomaji wa matangazo alinishukuru kwa adabu na kuendelea na mbuzi.

Nje, mama mmoja mzee aliyenijua tangu utoto alinishika mkono. "Mwanangu," alisema, "kwa nini unamzuia binti wa watu? Kama ameitwa, mwache aende." Mwingine nyuma yake alisema si bure, hao wenye maduka wana mikono mirefu. Kufikia jioni habari ilikuwa imekamilika. Mkufunzi kijana amenunuliwa na mfanyabiashara wa ziwani, amfunike binti aliyeona mwanga. Kama mkuu wa chuo angesema, lingekuwa neno la chuo. Niliposema mimi huku yeye ameketi pale amenyamaza, kila mtu alielewa kwamba chuo kinakataa.

Baba wa binti aliletewa habari na madereva wa malori. Alinirudishia salamu kwamba ameshukuru, lakini hakuniomba mimi.

Wafadhili walifika katikati ya wiki, wenye tabasamu na kamera. Waislamu wetu waliobaki waliomba wasihusishwe, na sikuweza kuwalaumu. Mkuu wa chuo hakukubali kuahirisha. Alimchagua msichana Mkatoliki, mwimbaji mzuri, akamfunga mtandio kichwani, na vijana wengine Wakatoliki wakavikwa kofia, wakaketi benchi la mbele kama Waislamu. Msichana alieleza sala tano, akitabasamu kwa wageni. Vijana wenye kofia wakasema "ndivyo" kwa pamoja, kama kwaya. Yule wa Mbuji alikuwa amegoma kuvaa kofia, akapelekwa kuchota maji. Wageni walipiga makofi. Mmoja wao aliniuliza mbinu hii nimeitoa wapi. Nilisema sijui, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilijibu swali kwa neno moja.

Walipoondoka, tuliambiwa kwamba kwa ajili ya utulivu kipindi cha dini kitarudi kuwa kama zamani. Sista akarudi ukumbini. Nje ya jiko watu wakarudi kusubiri kengele. Mimi nilipewa historia.

Binti alipanda na gari la baba yake kuchukua vitu vyake, wakati wenzake wakiwa wanajisomea kwa ajili ya mtihani. Baba yake alibaki kwenye usukani, hakushuka, akanipungia mkono. Nilimkuta binti kwenye baraza la bweni na tranka lake na godoro lililokunjwa, amelifunga kwa kamba. Niliamkiwa kama siku zote, "Shikamoo, mwalimu," na nikaanza kusema yale niliyoyaandaa: kwamba nitazungumza na chuo kingine, kwamba mwakani mambo yatapoa, kwamba watu husahau. Niliona anasubiri nimalize kwa ajili ya adabu tu, nikaacha.

"Mwalimu," alisema, "siku ile ningeweza kukosea. Ningesema yale ya juujuu, wangesema sivyo, ningekaa. Wengi walifanya hivyo siku zao kwa kuogopa maneno ya watu, wewe ulidhani hawajui. Na mimi ile redio nilikuwa naiona."

Nilimuuliza kwa nini yeye hakufanya hivyo.

"Nilitaka uone kwamba nimeelewa." Alitazama chini, akakaza fundo la kamba. "Uliona?"

Nilisema niliona.

"Basi," alisema, akashika upande mmoja wa godoro, nami nikashika wa pili, tukalipeleka kwenye gari.